Tulichagua kwa sura, mzee wa mageti akalipia: hesabu ya barua pepe mtaani Makadara

Mzee alifika Jumatatu asubuhi kabla hatujafungua mlango. Alisimama nje ya chumba tunachokodi Jericho, aproni ya ngozi ikiwa bado shingoni, simu mkononi, na hakutusalimia. Kwa mtu ambaye huwasalimia hata makanga wa 58, hapo tulijua kuna noma.

"Vijana wangu," akasema, "nionyesheni mahali nilipoandika hii barua."

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilitoka kwa anwani yake, ile tuliyomtengenezea kwa jina la karakana yake, ikaenda kwa shule moja Machakos iliyokuwa imeagiza madawati. Ilisema akaunti ya kawaida ya benki ina shida, kwa hivyo malipo ya kwanza yatumwe kwa nyingine iliyoandikwa hapo chini. Shule ikatuma Sh86,000. Mzee akangoja pesa, shule ikangoja madawati, na mhasibu alipochoka kungoja akapiga simu. Ndipo ikajulikana kuwa pesa zilifika kwa mtu ambaye hakuna kati yao anayemjua.

Mzee hakuwa ameandika chochote. Lakini barua ilitoka kwake kweli, si kwa anwani ya kuigiza. Ilikuwa imetumwa kupitia dirisha letu.

Nieleze dirisha ni nini, maana ndilo lililonifanya niandike. Mimi na mwenzangu tunapangisha tovuti. Tunanunua nafasi kwenye seva iliyo Ujerumani, tunaikata vipande vidogo na kuwauzia wafanyabiashara wa huku kwetu: jina la .co.ke, ukurasa wa kuonyesha bidhaa, na anwani za barua pepe. Wateja wetu karibu wote tunawafikia kwa miguu. Kuna karakana kando ya Jogoo Road, akademi moja Maringo, kanisa Mbotela, mama wa keki Harambee, na wasafirishaji wawili Viwandani. Mteja akitaka kusoma barua bila kupakua programu yoyote, anafungua kivinjari, anaandika anwani tuliyompa, anaweka paswadi, na sanduku lake linafunguka. Huo ukurasa ndio sisi tunauita dirisha. Kuna programu kadhaa za kuutengeneza, nyingi za bure, na mwenye biashara ya kupangisha ndiye anayechagua ipi ya kuwawekea wateja.

Na hapo ndipo vijana wengi wanaoingia kwa hii kazi hukosea, kwa sababu wanafikiri mteja amenunua tovuti. Hajanunua tovuti. Tovuti ya mzee imetembelewa labda na watu mia mbili tangu izaliwe, nusu yao wakiwa sisi. Alichonunua ni anwani isiyoishia na gmail.com, ile inayomfanya karani wa ununuzi aone kwamba huyu ni mtu wa maana. Hata kwa vijana wanaofukuzia zabuni za AGPO, ule mpango unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa serikali, kwotesheni inatoka kwa barua pepe na LPO inarudi kwa barua pepe. Tovuti ikilala siku mbili, hakuna anayepiga simu. Barua zikikwama saa moja, simu yetu inawaka moto.

Pamoja na hayo yote, dirisha letu la kwanza tulilichagua kwa dakika kumi. Paneli tuliyokuwa tunatumia ilitupa orodha, tukafungua picha za kila moja, mwenzangu akasema, "Buda, hii inakaa poa," tukabonyeza. Jina lake silitaji kwa sababu kosa lilikuwa letu. Hatukuuliza inaweza kuwekewa kufuli ya pili au la. Hatukuuliza inaandika wapi nani ameingia na saa ngapi.

Jumatatu hiyo tuliketi na mzee mpaka saa nane mchana tukifukua. Mwizi hakuvunja kitu. Paswadi ya mzee ilikuwa jina la kifungua mimba wake na mwaka wa kuzaliwa, na alikuwa ameitumia mahali pengine pengi. Mtu akaipata, akaja dirishani kama mteja yeyote, akabisha, akafunguliwa. Kilichotutisha ni alichofanya baada ya kuingia. Alienda sehemu ya vichujio, ile ambayo watu wa kawaida huitumia kupanga barua zao, akaweka kanuni mbili. Ya kwanza: barua yoyote yenye neno "payment" au jina la ile shule, nakala yake itumwe kwa anwani ya nje. Ya pili: barua hiyo ikishatumwa, ihamishiwe kwenye folda ambayo mzee hajawahi kuifungua maishani. Kwa siku 19 mwizi alisoma mazungumzo ya madawati hadi akajua bei, idadi, na jina la mhasibu. Alipoandika barua yake ya akaunti mpya, shule ilijibu kwa heshima kuuliza kama ni kweli. Mzee hakuliona hilo swali. Mwizi ndiye aliyelijibu.

Hata kama tungebadilisha paswadi siku hiyo na kwenda zetu, zile kanuni zingebaki zikifanya kazi. Kichujio kinakaa kwenye seva. Hakijali paswadi mpya.

Tuligawana hasara. Mzee alitengeneza madawati yote na kuyapeleka Machakos, sisi tukakubali kumrudishia Sh43,000 kidogo kidogo. Sitasema ilituchukua muda gani. Niseme tu kwamba kuna miezi ambayo kodi ya chumba ilishindana na deni la mzee, na mzee akashinda.

Siku hizo pia ndipo tulipoisoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa mara ya kwanza, jambo la aibu kwa watu wanaoshika barua za wengine. Tulikuwa tumesikia kuwa biashara yenye mapato chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data, tukafikiri basi sheria haituhusu. Inatuhusu. Msamaha ni wa usajili, si wa wajibu. Sisi tunaoshika data kwa niaba ya mteja, tukijua imevuja, tunatakiwa kumwambia mwenyewe bila kuchelewa, ikiwezekana ndani ya saa 48. Yeye naye, kama kuna hatari ya kweli kwa wenye data hiyo, ana saa 72 kumjulisha Kamishna.

Baada ya hapo tukaanza kuchagua upya, safari hii kwa wiki tatu.

Kwanza tulifikiria kuacha kazi hiyo kabisa na kuwaambia wateja wahamie Google au Zoho. Hilo ni wazo zuri kuliko vijana wengi wa kupangisha wanavyopenda kukiri. Mtu mwenye wafanyakazi watano na hela ya kutosha, mimi humwambia aende. Ulinzi wa Google siwezi kuufikia nikiwa Jericho. Lakini huduma ya Google ya kibiashara inalipiwa kwa kila mtumiaji kila mwezi, na hesabu yake ni ya dola. Wateja wetu waliona dola ikipita Sh160 Januari 2024, hawataki kusikia bili ya aina hiyo tena. Mwalimu mkuu wa akademi alipiga hesabu ya walimu wake kumi na wawili kwenye karatasi, akainama, akacheka.

Wengine walikuwa wakituzunguka kwa njia yao: wanaiambia Gmail yao ya bure ije ichote barua kwenye sanduku letu. Lakini Google ilitangaza kuwa kuanzia Januari 2026 Gmail ya kwenye kivinjari haitachota tena barua za sanduku la nje kwa njia hiyo. Kwa hivyo dirisha likarudi kuwa kazi yetu.

Hiyo dola ndiyo iliyotuondoa pia kwenye cPanel, paneli inayojulikana zaidi katika kazi hii. Tangu katikati ya 2019 cPanel hutoza kwa idadi ya akaunti, na mtu mdogo anayeongeza wateja anajikuta anaongeza bili. Tulihamia HestiaCP, ambayo ni programu huria na haina leseni ya kulipia. Hestia inakuruhusu kuweka madirisha mawili, Roundcube au SnappyMail, na hata kumpa kila mteja lake. Ugomvi wetu ukabaki kati ya hayo mawili.

Najua kuna mengine. SquirrelMail, ambayo baadhi yenu mliikuta chuoni, toleo lake thabiti la mwisho lilitoka 2011, na cPanel wakaitoa 2019. Horde nayo wakaja kuitoa. SOGo ni nzuri kama mteja anataka kalenda ya pamoja, lakini wateja wetu kalenda yao iko ukutani, ile ya kugawiwa na duka la vifaa vya ujenzi. Tukaipita.

Mwenzangu alikuwa upande wa SnappyMail, na hoja zake hazikuwa za mchezo. Ni nyepesi. Waliounda walipunguza sana kile ambacho simu inapakua ukurasa unapofunguka, na kwa mtu anayenunua bando la shilingi ishirini hilo si jambo dogo. Haihitaji hifadhidata. Roundcube inahitaji, na seva yetu ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti mbili tu, kila kinachokula kinaonekana. Halafu, kusema kweli, inapendeza macho.

Mimi nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, nikawa naogopa ung'ongo. Nilitaka kujua swali moja tu: siku kitu kikiharibika, nani ataamka kukitengeneza?

SnappyMail ilizaliwa kutoka RainLoop, na historia ya RainLoop ndiyo iliyonifanya niulize. Aprili 2022 watafiti wa kampuni ya Sonar walitangaza dosari ndani ya RainLoop ambapo mtu akifungua tu barua iliyotegwa, mshambulizi anaweza kumwibia barua zake. Watafiti hao walisema waliwaandikia wenye programu na hawakupata jibu, na siku ya kutangaza hapakuwa na kiraka rasmi. Walichowashauri watu ni kuhamia SnappyMail, ambayo dosari ile ilikuwa imeshashughulikiwa. Mwenzangu alinisomea hayo kwa sauti, akiona ameshinda. Mimi nikamuuliza SnappyMail ina mafundi wangapi. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya msanidi mmoja. Ni mtu mwenye bidii ya ajabu, lakini ni mmoja. Akiugua?

Roundcube si safi pia, na sitaki mtu asome hapa akidhani ni safi. Oktoba 2023 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza jinsi kundi la wadukuzi linaloitwa Winter Vivern lilivyotumia dosari ya Roundcube dhidi ya ofisi za serikali barani Ulaya. Hapo pia ilitosha kuifungua barua kwenye kivinjari, bila kubonyeza kiungo chochote. Tofauti niliyoiona ni hii: waliambiwa, na ndani ya siku chache kiraka kilikuwa kimetoka. Mwezi uliofuata, mradi huo ulioanza mwaka wa 2005 ukaingia chini ya Nextcloud, kampuni ya Ujerumani. Sasa angalau kuna mtu anayelipwa mshahara kuuangalia.

Kwa hivyo kubishana ipi haina tundu ni kupoteza wakati. Zote zina matundu, mengine bado hayajaonekana. Tulichokuwa tunachagua ni fundi. Na nusu ya pili ya hiyo kazi ni yetu, maana kiraka kikitoka Ujerumani hakijiweki chenyewe Jericho.

Hilo tulilipimwa siku ya Madaraka mwaka wa 2025. Taifa lilikuwa Homa Bay kwenye sherehe, ilikuwa Jumapili, na mimi nilikuwa kwa mamangu nikingoja chapati. Siku hiyohiyo, 1 Juni, Roundcube walitoa toleo 1.6.11. Lilikuwa linaziba dosari iliyokuwa imekaa ndani ya programu kwa takriban miaka kumi, ambayo ilimruhusu yeyote mwenye paswadi ya sanduku moja tu kuendesha amri zake kwenye seva nzima. Fikiria mzee na paswadi yake ya kifungua mimba. Kabla ya kiraka hicho, aliyeiba funguo za sanduku moja angeweza kuishia na masanduku ya mtaa mzima. Ndani ya siku chache tu njia ya kuitumia dosari hiyo ilikuwa imeanza kuzunguka miongoni mwa wadukuzi. Usiku huo tulikuwa tumesasisha. Chapati zilipoa, mama akauliza ni kazi gani hii isiyojua Jumapili.

Lakini nimekimbilia mbele. Kabla ya uamuzi tulifanya jaribio, na kama kuna kitu kimoja ningependa mwenye kuanza biashara hii akiige, ni hiki. Tuliacha kuangalia madirisha kwenye laptopu yetu. Tulienda kuketi kwenye benchi la karakana ya mzee tukiwa na simu yake yenye kioo kilichopasuka, simu ya mama wa keki, na laptopu nzee ya karani wa akademi. Tukawapa kazi tatu: fungua LPO iliyoambatishwa, jibu ukituma picha ya kazi yako, kisha tafuta barua ya mwaka jana. Sisi tukanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu.

Roundcube ya zamani ingeanguka hapo hapo. Mwonekano wake wa awali ulitengenezwa kwa kompyuta, kwenye simu herufi zilikuwa kama za kwenye karatasi ya dawa. Tangu toleo 1.4 la Novemba 2019 kuna mwonekano unaoitwa Elastic ambao unajikunja kulingana na kioo, na mzee aliweza kuutumia bila kuvuta vuta kwa vidole. SnappyMail ilifunguka haraka zaidi, hilo halina ubishi. Mara ya pili na ya tatu tofauti ikapungua, kwa sababu kivinjari kilikuwa kimeshahifadhi vitu vingi.

Picha ndiyo iliyokataa. Mzee alipiga picha ya geti, akaiambatisha, dirisha likamwambia faili ni kubwa mno. Akajaribu dirisha la pili, likakataa pia. Mwenzangu akaanza kuilaumu Roundcube, mimi nikaanza kuilaumu SnappyMail, na zote hazikuwa na hatia. PHP, lugha ambayo madirisha yote mawili yameandikwa nayo, isipoguswa hukubali faili isiyozidi megabaiti mbili. Picha ya simu ya siku hizi inapita hapo kwa urahisi. Ukitaka mteja atume picha za megabaiti kadhaa, lazima wewe upandishe kiwango hicho kwenye seva, na ukumbuke kuwa kiambatisho kikishafungwa ndani ya barua kinavimba kwa karibu theluthi moja. Kwa miaka miwili wateja wetu walikuwa wanatuma picha kwa WhatsApp, nasi tukadhani ni mapenzi yao.

Mama wa keki naye alituonyesha jambo lingine. Aliandika jibu refu kuhusu keki ya harusi, akaitwa na mteja, akaweka simu mfukoni, akarudi baadaye. Dirisha lilikuwa limemtoa. Roundcube isipobadilishwa humfungia mtu asipoonekana kwa dakika kumi. Kwa saiba hiyo ni busara. Kwa mama anayeandika barua huku akichunga oveni, ni adhabu. Tuliongeza hadi saa moja, tukapunguza muda wa kuhifadhi rasimu ili hata akitolewa asipoteze zaidi ya dakika moja ya maneno.

Ile kufuli ya pili sasa. Roundcube haiji nayo. Unaongeza programu-jalizi iliyotengenezwa na watu wengine, na kila programu-jalizi ni fundi mwingine ambaye lazima umchunguze kama yu hai. Tuliiweka. Mzee sasa akiweka paswadi anaombwa namba sita kutoka kwa simu yake, na mwanzoni alinung'unika kama mtu anayepekuliwa mlangoni kwake mwenyewe.

Wengi wakifika hapo wanajipongeza, nasi tulijipongeza, hadi mwenzangu alipouliza, "Na mtu akipitia mlango wa nyuma?" Kufuli iko dirishani. Lakini seva hiyo hiyo ina mlango wa IMAP, ambao programu za barua za kwenye simu hupitia, na huko hakuna anayeombwa namba sita. Mwizi mwenye paswadi hana haja na dirisha lako. Kwa hivyo mteja ambaye anatumia dirisha pekee, kama mzee, tumemfungia mlango wa IMAP kutoka nje. Anayetumia programu ya simu, tunamtengenezea sisi paswadi ndefu ambayo hawezi kuikumbuka. Ndilo lengo.

Hilo nalo lina bei yake. Mei 2024 nyaya za baharini za Seacom na EASSy zilipokatika kwa pamoja, seva yetu ya Ujerumani ikawa kama iko mwezini. Dirisha lilizunguka, likazunguka, likachoka. Mama wa keki, ambaye hutumia programu ya simu, aliendelea kusoma oda zake kwa sababu nakala zilikuwa ndani ya simu. Mzee, ambaye sisi wenyewe tulimfungia kila kitu isipokuwa dirisha, alishinda siku nzima bila kuona vipimo vya geti alilokuwa analitengeneza. Alikuja tena mlangoni. Safari hii alisalimia, lakini kwa ufupi. Mimi na mwenzangu bado hatujakubaliana kama tulifanya sawa kumfungia.

Kuna na kosa la kuhama, ambalo nitalitaja haraka kwa sababu linauma. Tulipohamisha wateja kwenye seva mpya tulinakili barua zote, folda kwa folda, tukahesabu, zikatimia. Tukazima seva ya zamani. Kesho yake karani wa akademi akauliza orodha ya wazazi iko wapi. Anwani anazohifadhi mtu ndani ya Roundcube hazikai pamoja na barua, zinakaa kwenye hifadhidata ya dirisha lenyewe. Hatukuwa tumeichukua. Zilirudi kwa sababu nakala rudufu ya mwenye seva ilikuwa bado haijafutwa. Ingekuwa wiki moja baadaye, karani angeziandika upya kwa mkono.

Na wale wanaokuja kutuambia tubadilishe dirisha kwa sababu barua zao zinaangukia kwenye taka za Gmail, jamani, dirisha halina hatia hapo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: kila anayetuma anatakiwa awe na uthibitisho wa SPF au DKIM kwenye jina lake, na anayetuma kwa maelfu awe na vyote viwili pamoja na DMARC. Hizo ni rekodi unazoweka mahali jina la .co.ke linapoelekezwa. Ukibadilisha dirisha mara kumi bila kuzigusa, taka ni pale pale.

Mwishowe wateja wote tuliwaweka Roundcube. Sababu si kwamba ndiyo nzuri zaidi. Mwenzangu bado anasema SnappyMail ni nzuri zaidi, na sanduku lake mwenyewe analisomea huko. Tulichagua ile ambayo viraka vyake tunavisikia mapema, ambayo tatizo lolote tukilitafuta tunakuta kuna mtu alishakutana nalo, na ambayo sehemu yake ya vichujio mzee aliweza kuifikia mwenyewe kwa simu. Hilo la mwisho ndilo lililoamua.

Kwa sababu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, akitoka kuwalipa vijana wake, mzee hupitia kwetu. Hataki ripoti. Anafungua dirisha, anaenda kwenye vichujio, anatugeuzia simu.

"Hakuna kitu hapa?"

"Hakuna, mzee."

"Na nani ameingia mwezi huu?"

Tunamsomea tarehe na saa kutoka kwenye kumbukumbu za seva, yeye anahesabu kwa vidole akikumbuka alikuwa wapi. Mwezi jana kulikuwa na moja ya saa tano usiku iliyotutia wasiwasi sote watatu. Alifikiri sana, kisha akasema ni usiku ule stima zilipopotea akaamka kuangalia kama Machakos wameagiza tena.

Walikuwa wameagiza. Chini ya kila barua yake sasa kuna mstari alioutunga mwenyewe, nasi hatukurekebisha hata neno: Akaunti yangu haibadiliki. Ukiambiwa imebadilika, nipigie simu kwanza.